Bahari Ilipokuja Kutafuta Changu

Kambare huchunwa kwa plaizi. Evodia alijifunza hilo wiki yake ya kwanza katika hoteli ya Valentino, kando ya barabara kuu pale Korogwe. Unamzungushia mkato mwembamba shingoni, unaibana ngozi, unaivuta kuelekea mkiani, nayo inavuka yote kama soksi. Kichwa chenye sharubu unakitupa kwenye shimo la nyuma na kukifukia kabla basi la kwanza halijaingia. Minofu unaikata vipande vya mraba, unaipaka ndimu, kitunguu saumu na binzari, unaikaanga, kisha unaitumbukiza kwenye tui la nazi. Ikifika hapo, haina jina tena. Jina ilipewa ubaoni, kwa chaki, na mwandishi alikuwa Evodia mwenyewe kwa sababu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri: WALI KWA CHANGU WA TANGA.

Mabasi ya kwenda Arusha yalianza kusimama saa sita mchana. Kondakta alitangaza dakika ishirini za kula na kuchimba dawa, abiria wakashuka wakijinyoosha, wakasoma ubao, wakaagiza changu. Hakuna aliyeuliza changu huyo amesafirije bila barafu. Kambare waliletwa alfajiri katika magunia yaliyolowa, kutoka kwenye mabwawa ya mashamba ya zamani ya mkonge, na baadhi yao walikuwa bado wanapumua Evodia alipowashika.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Mumewe alikwisha kufariki, na watoto hakujaliwa. Alipanga chumba kimoja Kilole, na kila mwisho wa mwezi alituma unga, maharage na mafuta Kwedizinga, kwa baba yake, Mzee Yordani, aliyekuwa akiishi peke yake. Babu yake Evodia aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, hakurudi. Mzee Yordani alikata mkonge mpaka shamba lilipofungwa, kisha akalima mahindi. Sasa macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na mahindi alilimiwa na jirani.

Bahari ilikuja mara ya kwanza Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa saba na robo mchana. Iliingia kwa mlango wa nyuma, ikapita jikoni bila kuzima moto, ikaenea chini ya meza zote hadi usawa wa magoti. Ilikuwa ya kijani, ya uvuguvugu, na ilinuka mwani. Abiria walipakata mabegi yao. Mama mmoja alivua viatu akaviweka juu ya meza, akaomba aongezewe pilipili. Bahari ilizunguka meza moja baada ya nyingine, ikainua kila sahani kidogo, kama mtu anayepima uzito wa mzigo, ikaishusha. Ilipomaliza meza ya mwisho ilirudi ilikotoka. Evodia aligusa sakafu kwa kidole akakionja. Ilikuwa chumvi ya kweli. Akachukua dekio.

Jumatano ilikuja tena. Alhamisi ilikuja mara tatu, kwa sababu mabasi yalikuwa matatu.

Ukuta wa hoteli uliungana na duka la Bhanumati, mama wa miaka sabini aliyezaliwa hapo hapo Korogwe na kurithi kwa baba yake biashara ya mchele na viungo. Maji yalipita chini ya mlango wake wa pembeni na kulowesha magunia. Siku ya nne alikuja jikoni akiwa ameshika ncha ya sari mkononi.

"Shikamoo mama," Evodia alisema.

"Marahaba. Evodia, mwambie bosi wako bahari imenilowesha gunia mbili za mchele."

"Nitamwambia, mama. Samahani sana."

Bhanumati alitazama sufuria, akatazama shimo lililofukiwa nje. Yeye hakula samaki wala nyama tangu azaliwe, kwa hiyo hakuwa na la kuuliza juu ya mboga. "Mtu akiingia nyumbani kwako akafunua kila kawa, ujue anatafuta kitu," alisema. "Akikipata ataacha kuja." Akarudi dukani kupandisha magunia juu ya matofali.

Alichokuwa akisema kilithibitika wiki iliyofuata. Abiria mmoja aliyeitwa Ukasha alikuwa amepanda Segera akitokea Tanga, na alikuwa na deli la barafu lenye nguru wawili, anawapeleka Same kwenye harusi ya dada yake. Aliliweka miguuni akaagiza chakula. Bahari ilipoingia haikuzunguka. Ilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Ukasha, ikafungua kifuniko cha deli, ikawachukua nguru wote wawili, ikatoka. Sahani nyingine hata haikuzigusa.

Watu waliutazama mlango wa nyuma.

"Kumbe imekuja kuchukua wa kwake," alisema mzee mmoja wa meza ya pembeni. Akatazama sahani yake. "Basi hawa si wa kwake."

"Watakuwa kambare," alisema mwingine.

Yule mzee alitafakari hilo, akaendelea kula, maana dereva alikuwa ameshawasha gari. Ukasha alilalamikia nguru wake. Valentino alimwomba radhi, akampa sahani ya bure, changu wa nazi, naye akaila yote akasifu tui.

Jioni ile Valentino aliwaita wafanyakazi wote sita jikoni. Hakuwa mtu wa kufoka. Baba yake na Mzee Yordani walikata mkonge kwenye mstari mmoja, na Evodia alipofiwa ni yeye aliyemtafuta ampe kazi. Alizungumza akiwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Anayetoka Dar anataka changu," alisema. "Samaki mwenyewe hamjui, lakini analitaka jina. Nikiandika kambare, basi linapita. Kwa hiyo mtu akiuliza, ni changu. Akiuliza mara ya pili, ni changu. Hata akiwa mzazi wako."

Hakuwa na maana yoyote kusema hivyo. Ulikuwa msemo tu.

Mzee Yordani alikuja mwezi wa nne, Jumatano. Alikuwa ameambiwa aende hospitali kupima macho, naye akapanda magari mawili na bodaboda moja mpaka Korogwe. Walimpima, wakampa tarehe nyingine. Akaulizia hoteli ya Valentino, akaelekezwa, akafika saa saba kasoro akipapasa viti kwa fimbo. Evodia alitoka jikoni, akapiga goti, akamwamkia, akamkalisha karibu na dirisha.

Mzee Yordani alikuwa Msabato, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini. Nguruwe hakuwahi kumla, wala kambare. Samaki aliyekuwa halali kwake ni mwenye mapezi na magamba, kama ilivyoandikwa, na hili alilishika hata mwaka wa njaa kubwa, walipokuwa wakichemsha mizizi ya porini huku bwawa la shamba limejaa kambare.

"Kuna nini leo, mwanangu?"

"Kuna maharage, baba. Ngoja nikuletee maharage."

"Maharage nakula kila siku. Nasikia harufu ya samaki. Ni samaki gani?"

Valentino alikuwa amesimama kaunta, hatua tatu nyuma yake, anaandika risiti za basi lililokuwa limeingia. Abiria walikuwa wanasukumana kutafuta viti. Evodia aliona kalamu ya Valentino imesimama. Alifikiria chumba cha Kilole. Alifikiria pia mahindi ya Kwedizinga, ambayo yalikuwa yamefika kiunoni na kuanza kujikunja kwa kukosa mvua.

"Changu, baba."

"Changu wa baharini?"

"Ndiyo, baba."

"Ana magamba huyo," Mzee Yordani alisema, akafurahi. "Niletee."

Alimletea. Kwa muda wote wa sala ya baba yake Evodia alisimama kando ya meza akiomba basi lipige honi, moshi uzuke jikoni, kitu chochote kitokee. Hakikutokea. Mzee Yordani alisema amina, akala pande la kwanza polepole, akala la pili, akalamba mchuzi vidoleni.

Ndipo bahari ikaingia. Aliisikia kwenye nyayo, kisha kwenye miguu ya suruali, kisha magotini. Akaacha kutafuna.

"Haya ni maji ya nini?"

"Bahari, baba."

"Bahari." Alizamisha kidole akaonja. "Imefuata nini huku bara?"

Aliyejibu ni kijana wa meza hiyo hiyo, fundi simu wa Korogwe ambaye alikula hapo kila siku, na alijibu kwa heshima, kama anavyoelekezwa mgeni njia. "Inatafuta samaki wake, mzee. Hapa hawapo, lakini haikati tamaa. Sisi tumeshaizoea. Hawa ni kambare."

Mzee Yordani aliweka viganja vyake viwili juu ya meza.

"Evodia."

"Abee, baba."

"Nimekula nini?"

Bahari ilikuwa imefika kwenye meza yao. Iliinua sahani ya mzee, mfupa wa kambare ukiwa ndani, ikakaa nayo kitambo, kisha ikaishusha mahali pale pale. Mlio wa sahani juu ya meza ulisikika vizuri. Evodia alitazama kaunta. Valentino alikuwa akimtazama, na uso wake haukuwa mkali hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri.

"Changu, baba," alisema Evodia.

Mzee Yordani alitikisa kichwa kukubali. Akainama, akanawa mikono ndani ya bahari, akaifuta kwenye koti lake, akatafuta fimbo. Evodia alimshika mkono mpaka stendi. Njiani walizungumza juu ya tarehe ya hospitali. Alipopanda gari mzee alimshukuru kwa chakula.

Mvua za masika hazikurudi. Mahindi ya Kwedizinga yalikauka yakiwa hayajabeba. Evodia aliongeza unga katika mzigo wa mwezi wa tano, akaongeza dagaa, kisha akawatoa dagaa, akaweka njegere. Mwezi wa sita alituma mara mbili. Mwishoni mwa mwezi huo alipigiwa simu na Yuditha, jirani aliyekuwa akimlimia baba yake shamba.

"Dada, mzee hali," Yuditha alisema.

"Mzigo haujafika?"

"Imefika yote. Ameipanga mlangoni. Hajafungua hata mfuko mmoja. Alikuwa anakula kwangu, na kwangu sasa kumebaki kidogo, njoo umwone."

Evodia aliomba ruhusa ya siku moja. Mifuko ilikuwa mlangoni kama alivyoambiwa, imepangwa vizuri kwa mwezi, na baba yake alikuwa ameketi kitandani akiwa mwepesi kama kuti. Alipomwamkia alimwitikia kwa furaha, akauliza habari za Korogwe, akauliza kama bahari bado inakuja. Evodia alisema bado inakuja. Akawasha moto, akasonga ugali wa sembe, akachemsha njegere, akamnawisha, akamwekea mbele.

Mzee Yordani alimega tonge, akalitia mdomoni, akatafuna. Alitafuna muda mrefu. Koo lake lilipanda na kushuka, lakini tonge halikushuka. Mwishowe alilitoa kwa adabu, akalifunika kwenye kiganja.

"Unaona," alisema. "Nimejaribu mara nyingi."

Evodia alipiga magoti kwenye udongo. "Baba, alikuwa kambare. Nilijua. Nilikuambia uongo mara mbili. Niliogopa kazi."

"Najua, mwanangu. Nilijua hata kabla hujasema mara ya pili."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe stendi. Sina kinyongo na wewe." Alipapasa mpaka akapata kichwa chake, akakiwekea mkono. "Lakini mimi sioni. Ukiniwekea kitu mbele na kuniambia hizi ni njegere, nakula kwa neno lako tu. Kusamehe nimesamehe. Koo ndilo linakataa, nalo silitawali."

"Zionje basi. Utajua mwenyewe ni njegere."

"Hata changu nilimwonja," alisema Mzee Yordani.

Evodia alirudi Korogwe usiku huo, na asubuhi, kabla hajachukua plaizi, alifuta ubao akaandika kwa mwandiko wake mzuri: WALI KWA KAMBARE WA BWAWANI. Alifikiri kwamba kama jina likirudi mahali pake, pengine na koo la mzee litafunguka. Hakumwambia mtu.

Basi la kwanza liliingia. Abiria walishuka wakajinyoosha, wakasoma ubao, wakavuka barabara kwenda hoteli ya upande wa pili, ambako ubao ulisema changu na sufuria zilikuwa na kambare kutoka kwenye magunia yale yale. Basi la pili lilifanya vivyo hivyo. La tatu halikuzima hata injini. Kondakta alisoma akiwa mlangoni akampungia dereva mkono. Saa saba na robo bahari haikuja. Mchana kutwa sakafu ilikuwa kavu, na vyombo vilikaa vimejaa. Ng'ambo ya barabara walisikia watu wakicheka, wakawaona wakiinua mabegi, maana bahari ilikuwa imeingia huko.

Evodia alipiga simu Kwedizinga. Yuditha alimwambia mzee amejaribu uji wa ule unga wa mlangoni, umerudi.

Valentino hakufoka. Alivuta kiti akakaa mbele yake, jikoni, kati ya sufuria za wali uliopoa.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Aliwaonyesha kwa kidevu wale wengine watano waliokuwa wamekaa ukutani, wakiwa wamevaa aproni safi. "Mimi sikufuti kazi, Evodia. Ukitaka, kesho liache hivyo hivyo. Ila wewe ndiye utakayewaambia hawa wasije tena."

Mmoja wao alikuwa mama wa mapacha, aliyeishi nyumba moja na Evodia kule Kilole. Alikuwa anatazama sakafu kavu. Evodia alikaa mpaka giza lilipoanza kuingia. Kisha alisimama, akalowesha kona ya kitenge chake, akafuta ubao. Mkono wake uliandika CHANGU bila shida yoyote. Kesho yake mabasi yalisimama, na saa saba na robo maji yakaingia.

Mwezi wa saba alikuja mkaguzi, kwa kuwa Bhanumati alikuwa ameandika barua kuhusu mchele wake. Alikuwa mtu makini. Alisubiri bahari ije, akachota maji kwenye chupa, akapima joto, akapima chumvi, akayaangalia kwenye mwanga. Barua ilizungumzia maji, kwa hiyo alikagua maji. Aliandika kwamba ni maji halisi ya bahari, safi, hayana madhara kwa mlaji, akapiga muhuri. Akala kabla hajaondoka. Valentino aliitia ile karatasi kwenye fremu akaitundika kaunta, na juu ya paa akapandisha bango jipya: HOTELI YA BAHARINI, SAMAKI FRESHI. Mabasi yalizidi. Bhanumati aliongeza matofali mawili chini ya kila gunia.

Evodia aliomba ruhusa nyingine. Alifika Kwedizinga saa tisa alasiri, na hakwenda kwa baba yake. Alipita njia ya nyuma, akaingia jikoni kwa Yuditha. Yuditha alimwamkia kwa sauti ya chini. Alikuwa amekonda naye.

"Anakula mkononi mwako?" Evodia aliuliza.

"Ningekuwa nacho angekula. Jana nilimpa maji ya wali, akayanywa yote."

Evodia alifungua mfuko alioubeba. Kulikuwa na unga, maharage, kitunguu, mafuta. "Huu ni wako," alisema. "Nusu kula wewe. Nusu mpelekee. Akiuliza, umevuna. Akiuliza mara ya pili, umevuna."

"Dada, nimevuna wapi? Anajua shamba limekauka."

"Basi umeletewa na kaka yako. Sema lolote, ila usinitaje mimi."

Yuditha alimtazama, kisha akauchukua mfuko. Alitaka kupika mwenyewe, lakini mikono ilimtetemeka kwa njaa, ikabidi Evodia asonge. Alipakua kwenye sahani ya Yuditha, akafunika kwa kawa ya Yuditha. Wakavuka ua pamoja. Yuditha aliingia ndani na Evodia akabaki nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo, chini ya kidirisha.

Alisikia maji ya kunawa yakimiminwa. Alisikia sauti ya baba yake, nyembamba.

"Nani amepika?"

"Mimi, mzee. Kaka yangu ameniletea unga kutoka Kabuku."

Ikafuata sala, ndefu kidogo kuliko kawaida. Evodia aliziba mdomo kwa kiganja akasikiliza. Tonge lilimegwa. Likatafunwa. Akangoja kusikia likitolewa, na badala yake akasikia likimezwa, na jingine likimegwa, na jingine, upesi, jinsi anavyokula mtu aliyekaa siku nyingi na njaa.

"Mungu akubariki, Yuditha," Mzee Yordani alisema akiwa na chakula mdomoni. "Afadhali mimi nina mtoto hapa jirani."

"Amina, mzee," alisema Yuditha.

Evodia alisubiri mpaka sahani iliposafishwa. Kisha akatembea kwa nyayo nyepesi hadi barabarani kutafuta bodaboda, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na alfajiri magunia yangeshushwa.